Kabla Papai Halijaiva

Hotuba niliyoitoa mbele ya kikundi cha akina mama wa Walukuba, Jinja, Uganda. Maswali nimeyafupisha, na kelele za watoto nimeziacha nje.

Mama mwenyekiti, mzee wetu wa LC, yaani wa serikali ya mtaa, akina mama, na nyinyi vijana mlioegemea ukuta mkijifanya mnapita tu: asalaam aleikum. Na wenzangu wa kanisani, Bwana asifiwe.

Kabla sijafungua mdomo sawasawa, naomba mtu mwenye saa. Wewe mama, asante. Hapa mezani nina kilo mbili za nyama ya mbuzi. Asubuhi nilimwambia mwuza nyama anipe mbuzi mzee, tena paja. Alinitazama kama mtu aliyetoka kuumwa malaria. Nyama nimeikata vipande vya muchomo, yaani nyama choma, na kuigawa mabakuli mawili. Bakuli la kushoto lina chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu. La kulia lina hivyo hivyo, ila nimeongeza vijiko viwili vya chakula vya papai bichi, nimelitwanga pamoja na ganda lake. Saa ngapi sasa? Saa nane na dakika ishirini. Ikifika saa tisa na dakika kumi nikatishe, hata kama nasema neno la maana, tuzitie nyama motoni.

Waliokuja kusikia kwamba papai lina vitamini, hilo daktari wa kliniki ameshawaambia. Lina vitamini C, miligramu 60 hivi katika kila gramu 100 za papai bivu, na ile rangi yake ya machungwa ni ndugu wa rangi ya karoti. Basi. Mimi ni mpishi. Nimekuja kusema kwamba katika nyumba nyingi humu mtaani, mpapai umesimama uani na mwenye nyumba anasubiri tunda liive ili aligombanie na ndege. Ndege hushinda. Na wakati wote huo alikuwa na mboga na kilainisha nyama vikining'inia juu ya kamba ya nguo.

Mimi ni mtu wa Arua. Kiswahili sikukinyonya kwa mama. Nilikipata kambini, jikoni, nikiwa kijana wa kukoroga posho, yaani ugali, kwa mwiko mrefu kama kasia. Baraza la Mawaziri lilipokipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022, sisi wa jikoni tulicheka, maana tulikuwa tumekila miaka mingi. Papai bichi nalo nilifundishwa huko huko, na nilifundishwa kwa aibu.

Ilikuwa sikukuu. Tukaletewa ng'ombe dume aliyelima mpaka jembe likamchoka. Mpishi mkuu, mzee mmoja asiyesema sana, akanituma nyuma ya stoo: kata majani ya mpapai, leta na mapapai mawili mabichi. Tukayatwanga, tukaipaka nyama, tukaifunika kwa majani. Akaniambia, saa moja tu, kisha ioshe, iweke jikoni. Akaenda kulala. Nami, kwa akili zangu za miaka ishirini, nikawaza: kama saa moja ni dawa, usiku kucha itakuwaje? Nikaiacha mpaka alfajiri.

Asubuhi nilifunua sufuria. Ukigusa nyama, inabaki kidoleni. Nje imekuwa uji, ndani bado ni kamba. Tuliipika hivyo hivyo, tufanyeje? Afande mmoja alionja, akaweka kijiko chini, akauliza: "Nani ametutafunia?"

Swali hilo limenifuata miaka arobaini. Lakini ndani yake mna somo lote la leo.

Ukilichanja papai bichi kwa kisu, hutoka maziwa meupe. Huo ndio utomvu. Ndani ya utomvu mna kimeng'enya kinachoitwa papeini, na kazi yake ni kukata protini vipande vipande, kama tumbo lako linavyofanya ukishakula. Nyama ni protini. Kwa hiyo ukipaka papai bichi, unaianzishia nyama kazi ya tumbo ikiwa bado bakulini. Afande alikuwa na haki: nyama ilikuwa imetafunwa.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo wengi huharibu. Papeini haipenyi sana. Inakula pale ilipopakwa. Ndiyo maana yale mapande yangu makubwa yalikuwa uji nje na kamba ndani. Ukitaka ifike, kata vipande vidogo, au uchome nyama kwa uma kila upande kabla ya kupaka. La pili, inaogopa jiko na pia inalipenda. Nyama ikiwa baridi, inafanya kazi polepole. Ikipata moto wa sentigredi 60 au 70, yaani maji ambayo kidole hakivumilii lakini hayajachemka, inakimbia. Yakishachemka sawasawa na kuendelea, kimeng'enya kinakufa. Kwa hiyo mama anayetupa kipande cha papai bichi ndani ya sufuria inayotokota na kungoja miujiza, anasubiri maiti ifanye kazi. Weka nyama na papai katika maji ya baridi, washa moto mdogo, acha ipande taratibu. Kile kipindi cha kupanda ndicho kinachokulainishia.

Vipimo vyangu ni hivi. Kilo moja ya nyama ngumu, vijiko viwili vya chakula vya papai bichi lililotwangwa. Vipande vya muchomo, dakika 40 hadi saa moja. Kuku wa kienyeji, jogoo aliyezoea kupigana, nusu saa, kwani nyama ya kuku hulegea upesi. Samaki, usithubutu, sangara atakuwa supu kabla hujawasha mkaa. Kisha pangusa lile papai kabla ya kuchoma, lisije likaungua likakuachia uchungu. Huna tunda? Majani yana utomvu uleule. Ponda jani, funga nyama ndani yake saa moja.

Mzee mmoja hapa mbele anatikisa kichwa, anasema yeye hajawahi kula papai bichi na hatakula. Mzee wangu, huenda umelinywa. Ng'ambo ya mpaka wetu wa magharibi, upande wa Beni huko Kongo, wapo wakulima wanaopanda mapapai si kwa ajili ya tunda bali kwa utomvu. Hulichanja papai likiwa mtini, maziwa yanadondoka, yanakusanywa, yanakaushwa na kuuzwa nje. Viwanda hutengenezea unga wa kulainisha nyama, na watengeneza bia nao wameutumia miaka mingi ili bia isifanye ukungu ikiwekwa kwenye friji. Haya, cheka taratibu, mama yupo.

Basi, kuchagua. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa papai mambo ni kinyume.

Mnajua ndizi: unaikata mbichi, unaivumbika, inakuwa tamu. Inawezekana kwa sababu ndizi mbichi imejaa wanga, na ule wanga hugeuka sukari. Papai halina akiba hiyo. Sukari yake yote huipata likiwa limeshika mti. Ukilichuma likiwa kijani kibichi kabisa, ukalivumbika kwenye gunia wiki nzima, litalainika, litageuka rangi, na litakuwa na ladha ya maji ya mvua. Wale wauzaji wa barabarani wanaokuuzia papai la manjano lisilo na utamu, si kwamba wamelipulizia kitu. Wamelichuma mapema ili lisipondeke njiani. Ngoja mpaka uone mstari mmoja wa manjano chini ya tunda, pale penye kitako. Hapo sukari imeingia. Chuma, funga kwenye gazeti pamoja na ndizi moja mbivu, weka kivulini siku mbili tatu. Usilitie friji kabla halijaiva, baridi inaliua na halitaiva sawasawa tena.

Na kama mtoto amekwisha kulipiga jiwe likaanguka likiwa kijani, usimchape. Peleka jikoni. Hilo si tunda lililoharibika, ni mboga.

Mboga ya papai bichi napika hivi. Chukua papai la kilo moja na nusu hivi, gumu, kijani, mbegu zake ndani ziwe bado nyeupe. Jipake mafuta mikononi kwanza, kwa kuwa utomvu huwasha, na kuna watu ngozi yao haipatani nao kabisa, hasa wale wanaowashwa na glovu za mpira. Chora ganda mistari mirefu kwa ncha ya kisu, lisimamishe ndani ya beseni dakika kumi lilie machozi yake. Halafu menya, pasua, ondoa mbegu na ule utando, kata vipande vyembamba. Loweka katika maji ya chumvi robo saa, suuza. Mtu akikwambia papai bichi ni chungu, ujue aliruka hatua hii.

Kaanga kitunguu, tia nyanya tatu na binzari, acha zishikane. Mimina papai, kikombe kimoja cha maji, funika. Dakika 15 au 20, mpaka uma uingie bila kulazimishwa. Sasa kwa sisi watu wa kaskazini, hapa ndipo raha inapoanza: odii. Vijiko vitatu vya odii, ile rojo nzito ya karanga na simsim zilizosagwa, iyeyushe kwa maji ya uvuguvugu, mimina, punguza moto, koroga dakika tano bila kugeuza uso, kwani odii ikikuona unaongea na jirani inashika chini ya sufuria. Huna odii, tumia binyebwa, yaani karanga za kusaga. Na nyinyi wa Jinja ambao mwalo wa Masese uko hapo tu, mukene, yaani dagaa, iliyokaushwa na kukaangwa kidogo ikiingia mwishoni, posho haitatosha.

Papai bichi lenyewe halina ladha kali. Ni kama mung'unye. Linachukua tabia ya nyumba linamoolewa. Kwa hiyo usilipike na chumvi tupu halafu uje unilaumu mimi.

Mama pale nyuma ameuliza kama mjamzito anaweza kula. Swali zuri, na nitajibu kama mpishi mwenye woga: papai bichi na utomvu wake, mjamzito aliache, kwani linahofiwa kuchochea mikazo ya tumbo la uzazi. Papai lililoiva barabara, lile lisilotoa maziwa hata ukilikwaruza, ni chakula kama vyakula vingine. Mwenye wasiwasi amwulize mkunga wake, asiniulize mimi wala mama mkwe.

Kachumbari ya papai bichi nitaisema kwa mkato. Likwangue kama karoti, tia chumvi, acha dakika kumi, kamua maji kwa mikono miwili kama unafua soksi. Ndimu, pilipili mbuzi, kitunguu chembamba, dania. Kula siku hiyohiyo. Achari nayo ni papai hilohilo limekatwa vijiti, limechemshwa dakika mbili, likaingia chupani na siki, sukari kidogo na pilipili nzima.

Saa tisa na kumi? Asante mama. Vijana, sasa mtatoka ukutani. Mmoja ashike bakuli la kushoto, mmoja la kulia. Pangusa papai vizuri, chomeka kwenye vijiti, kila moja sigiri yake, yaani jiko lake la mkaa, na mtu asichanganye. Mzee wa LC atasimamia kura hii, na kura ya nyama haiibiwi.

Tuendelee. Papai bivu.

Papai bivu lina kasoro moja ambayo watu hawaisemi: halina uchachu.  Lile lina utamu tu, na utamu peke yake huchosha. Ndimu ndiyo mke wake. Kamulia nusu ndimu juu ya papai lililokatwa, ungoje dakika tano, utadhani umenunua tunda jingine. Ukifanya juisi, changanya na pesheni, ile tunayoiita butunda. Papai linaleta uzito, pesheni inaleta ukali, na sukari unaiacha dukani.

Kosa hilohilo la uchachu ndilo linaloharibu jamu ya papai. Mama mmoja aliniletea chupa tatu zilizofanya ukungu kabla ya wiki mbili, akilaumu chupa. Chupa haikuwa na hatia. Jamu isiyo na uchachu haishikani vizuri na haidumu. Kwa kilo moja ya papai lililopondwa, tia sukari robo tatu za kilo na maji ya ndimu tatu, pika kwa moto wa wastani ukikoroga mpaka tone ukiliweka kwenye sahani baridi lisikimbie. Chupa zichemshwe kwanza. Hiyo tu.

Maziwa na papai ni hadithi ya utomvu tena. Mnakumbuka papeini inakata protini? Maziwa nayo yana protini. Papai hata likiwa bivu hubakiwa na kimeng'enya kidogo. Ukisaga papai na maziwa ukanywa papo hapo, tamu kabisa. Ukiiacha mpaka jioni kwa ajili ya baba mtoto, ataikuta chungu, na atadhani una neno naye. Kama ni lazima ikae, chemsha papai kwanza, lipoe, ndipo uchanganye.

Kabalagala. Naona mmeamka. Kabalagala ya kawaida, vile viandazi vidogo vya kukaanga, ni ndiizi, zile ndizi ndogo tamu, zilizoiva kupita kiasi na unga wa muhogo, mnaijua tangu shule ya msingi. Mimi nilitaka kujifanya mjanja nikatumia papai tupu. Papai lina maji mengi na, kama nilivyosema, halina wanga. Vikanywa mafuta, vikalala kifudifudi kwenye kikaango, vikakataa kugeuzwa. Mara ya pili nilipika papai lililopondwa kwanza, peke yake, mpaka maji yakapungua karibu nusu, likapoa, nikachanganya na ndiizi kiasi sawa. Unga nikauongeza kidogo kidogo mpaka donge likaacha kushika vidole. Zilitoka za rangi ya machungwa, na wajukuu hawakuuliza maswali.

Mbegu je? Zile nyeusi za papai bivu, zioshe ule utando wa kuteleza, zianike juani mpaka zivunjike ukizigonga, usage. Ukali wake unafanana na haradali na pilipili manga. Kidogo tu kwenye nyama au kachumbari, si kijiko kizima. Na hapa niwape onyo la sokoni: kuna wafanyabiashara wanaochanganya mbegu za papai katika pilipili manga ili kilo ipande. Mwagia kiganjani uangalie. Pilipili manga ni ya mviringo na ina mikunjo mizito. Mbegu ya papai ni ndefu kidogo, imenyauka kama yai dogo lililokosa maji. Ndiyo maana mimi nanunua pilipili nzima. Ya unga sioni kilichomo.

Kijana mmoja ameuliza kwa nini mpapai wao una maua tu, hauzai. Maua yananing'inia kwenye vijiti virefu? Basi huo ni mpapai dume, kijana wangu. Kuna dume, kuna jike, na kuna wenye jinsia zote mbili katika ua moja, ambao matunda yake huwa marefu, wakati ya jike huwa mviringo. Ndiyo maana ukipanda mbegu, weka miche mitatu au minne katika shimo moja, ngoja ichanue, kisha ng'oa madume yaliyozidi. Najua wapo wanaogongelea msumari kwenye shina ili mti ubadilike. Baba yangu aligongelea miwili. Tulipata mpapai dume wenye misumari. Lakini usiukate wote kwa hasira. Majani yake bado yanafunga nyama.

Harufu hiyo inaniambia niache kusema. Mama, nyama zimekaa motoni muda gani? Dakika 25. Zitoeni. Ya kushoto kwenye sahani nyeupe, ya kulia kwenye sahani ya bluu. Chumvi mkononi mwa mwenyekiti, kachumbari ile pale chini ya kitambaa.

Mzee wetu, wewe ndiwe jaji, kwani meno yako tunayajua idadi. Anza na sahani nyeupe. Mpeni nafasi.

Bado anatafuna. Tumsubiri kidogo.

Bado.

Mzee, iteme tu, hakuna atakayekucheka. Sasa msogezeeni ile ya bluu.